Jinsi ya kumsaidia aliyepotezana na ndugu zake vitani

Kwanza mpe chai. Mwaka wa tisa huu najitolea Msalaba Mwekundu hapa Mbeya, na bado naona watu wanamrukia mgeni na maswali pale stendi ya Nane Nane, naye kashuka na basi la usiku, baridi ya Julai inamtetemesha. Akipata joto ataongea.

Akiridhia kutafutiwa ndugu, andika. Majina yake yote, la baba, la mama, la babu. Hapa usiwe na haraka. Mwaka juzi nilikaa na kijana wa miaka 11 kutoka Fizi, Kongo. Jina la mama yake hakulijua. Majirani walimwita kwa jina la mtoto wa kwanza. Nikamuuliza: bibi akimwita mama yako kutoka shambani, anapaza sauti anasemaje? Akalitamka papo hapo. Niliandika vilevile alivyotamka, sikulinyoosha, maana kwao ndivyo linavyojulikana. Kisha kijiji, soko la karibu, kanisa au msikiti, waliachania wapi, nani alikuwa amembeba nani.

Picha yake usiirushe kwenye magrupu ya WhatsApp. Najua nia ni njema, lakini aliyewafukuza naye ana simu, na mtoto anaweza kudaiwa na mtu asiyemjua kabisa. Peleka maelezo ofisi ya Msalaba Mwekundu. Huduma ni bure. Akijua ndugu alipo ila simu hazipatikani, ataandika ujumbe wa familia: nani mzima, nani mgonjwa, nani kazaliwa. Karatasi hiyo haifungwi kwenye bahasha na husomwa njiani, kwa hiyo habari za majeshi na siasa asiweke. Na ndugu akipatikana, anwani yake haitolewi mpaka mwenyewe akubali.

Mtoto aliye peke yake usimchukue kimyakimya, hata moyo ukuume vipi. Siku hiyohiyo mjulishe mtendaji wa mtaa na afisa ustawi wa jamii. Mtu mzima anayeomba hifadhi mweleze kwamba Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka aripoti ndani ya siku 7 tangu aingie nchini.

Namba ya faili mwandikie aitunze. Majibu huchukua miezi, pengine miaka, na huenda yakamkuta keshahamishiwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Yule kijana aliniomba sindano na uzi. Karatasi yake akaishonea ndani ya kola ya shati.