Una gari na bima ya hospitali: uende darasa la bure la akina mama?

Nenda, ila si kila darasa. Tazama kwanza kinachotolewa pale, halafu ndipo utazame mfuko wako. Maneno ya muuguzi hayapungui kwa kusikilizwa na mama mmoja zaidi. Kinachopungua ni nafasi kwenye mkeka, nauli ya kurudishiwa, pakiti ya unga na muda wa kupimwa mtoto. Mzazi wa Malindi mwenye duka mjini au nyumba ya geti kule Casuarina akitenganisha mambo hayo mawili, wasiwasi wa kumnyima mwenzake hubaki mdogo sana.

Ujue pia unaenda kusikia nini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliikuta Kaunti ya Kilifi ndiyo yenye udumavu, yaani watoto wafupi kuliko umri wao, mwingi zaidi Kenya: watoto 37 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano, wakati wastani wa nchi ulikuwa 18. Ndiyo maana mazungumzo mengi ni ya kunyonyesha, uji, mizani na kuharisha. Anayetarajia nyimbo za kizungu na mazoezi ya kichanga kwenye bwawa hatayapata. Anayetaka kujua mtoto wake anakula kiasi kinachomtosha atayapata mengi, na mara nyingi kwa undani kuliko dakika kumi za daktari wa kulipia.

Aina tatu, na kila moja na adabu yake

Ya kwanza ni kliniki ya mtoto katika zahanati au hospitali ya serikali, ambako muuguzi hufundisha benchini kabla ya kupima na kuchanja. Hapa usisite hata kidogo. Chanjo za ratiba ya taifa huagizwa kwa hesabu ya watoto wote, na wako yumo. Tena kuja kwako kunaweza kusaidia. Kichupa cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, kina dozi 20 na cha surua na rubela 10. Kikishachanganywa hutumika kwa muda wa saa 6, na kinachobaki hutupwa. Kwa hiyo vituo vingi huweka siku maalumu ya chanjo hizo, na mama anayefika siku nyingine huambiwa arudi. Uliza siku hiyo mapema, ufike saa mbili asubuhi, ukae foleni. Kumpigia muuguzi unayemjua ili upitie mlango wa nyuma ndiko kunakowaudhi watu, si gari lako.

Ya pili ni kikundi cha mama kwa mama, ambacho kwa kawaida huwa na akina mama 9 hadi 15 wa mtaa mmoja. Hukutana alasiri, kazi za jikoni zikishapungua, barazani kwa mmoja wao au chini ya mwembe. Hapa hesabu ipo. Kikikaribia watu 15, anayeongea ni mwenyekiti tu na wengine huitikia kwa kichwa. Kama mtaani kwenu kipo kimoja na kimejaa, omba kuhudhuria siku ya onyesho la mapishi peke yake, maana siku hiyo hata majirani wasio wanachama huja kutazama.

Ya tatu ni darasa la shirika lenye orodha ya walengwa. Utalijua kwa daftari: kuna safu ya namba ya kitambulisho, safu ya sahihi, na mwisho wa kikao watu hupanga mstari kupokea nauli au sabuni. Hapo usiingie usipoalikwa. Ukialikwa kama jirani, usitie sahihi, maana idadi ile imeshapigiwa bajeti na sahihi yako ni jina la mtu mwingine lililokatwa.

Kuna vitu vya kugawiwa ambavyo hupimwa kwa mwili wa mtoto, si kwa umaskini wa nyumba. Utepe wa kupimia unene wa mkono wa juu ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, huo ni utapiamlo mkali; kati ya 11.5 na 12.5 ni wa wastani. Mtoto wa nyumba yenye friji mbili akiangukia hapo atibiwe kama wenzake, na mzazi asione haya kupokea chakula cha tiba. Chandarua chenye dawa kinachotolewa kliniki kwa wajawazito na wachanga nacho kichukue ikiwa utakitundika, kwa sababu vile vya urembo vinavyouzwa pamoja na vitanda mara nyingi havina dawa. Kama kitaishia kuzungushia banda la kuku, mwachie anayekihitaji.

Kupata kikundi chako

Usiende kwenye kikundi kinachosifiwa. Nenda cha mtaa wako, uwe Shela, Barani, Maweni au Muyeye. Vikundi hivi huunganishwa na zahanati ya karibu, na anayevijua ni mhamasishaji wa afya ya jamii, ambaye wengi bado humwita CHV. Kila mmoja hukabidhiwa nyumba zipatazo 100, na nyumba yako ya geti imo katika hesabu hiyo. Tatizo ni kwamba nyumba za geti ndizo anazoziruka: askari humwambia mama hayupo, mbwa hubweka, naye huenda zake. Mwambie askari amruhusu, mbwa afungwe, na siku akija mpe dakika ishirini zake ajaze daftari. Ndipo umuulize: kikundi kiko wapi, kinakutana siku gani, wamo wangapi, kuna kitu kinachogawiwa, na kuna mchango?

Posho yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Basi usimgeuze kuwa mtu wako wa kukuletea dawa au kumtazama mtoto saa tatu usiku kwa kuwa ana kikohozi. Nyumba nyingine 99 zinamngoja.

Siku ya kwanza

Piga hodi, vua viatu, keti mkekani. Gari la mtoto la magurudumu halifai mchangani, na likiingizwa hula nafasi ya watu wawili, beba leso. Dereva angoje mbali, si mlangoni huku injini inanguruma. Simu itiwe mkobani, na usipige picha ya mtoto wa mtu hata kama uji wake unapendeza. Wakubwa waamkie kwa shikamoo, wenzako waite kwa majina ya watoto wao, Mama Fulani. Ukiulizwa unampa nini mwanao, sema ukweli bila kutaja duka wala bei.

Jambo linaloharibu zaidi ni kuongea kwanza. Mama mwenye elimu akijibu swali la muuguzi kabla ya wengine, waliobaki hunyamaza, na muuguzi huondoka akidhani wote wameelewa. Katika vikao viwili au vitatu vya mwanzo sikiliza, na swali lako lije mwisho. Usichanganye Kiingereza. Mazungumzo yakihamia Kigiriama na hukielewi, mwombe jirani akufasirie kwa sauti ya chini.

Baba akitaka kuja, aulize kwanza. Katika ua wa nyumba ambamo kina mama wamevua buibui na wananyonyesha, mwanamume haingii hivi hivi. Kliniki, kinyume chake, baba hukaribishwa.

Yaya naye

Hapa ndipo nyumba zenye uwezo hukosea sana. Mama ana kazi, kwa hiyo humtuma yaya darasani na mtoto. Yaya husikia kila kitu, akarudi akakuta jikoni kuna kile alichoambiwa asimpe mtoto, na hana mamlaka ya kukibadilisha. Au mama huenda peke yake, akajifunza, na anayepika uji ni yule aliyebaki nyumbani. Nendeni wawili angalau siku ya mapishi. Saa hizo zihesabiwe kuwa za kazi na nauli ya tuktuk itoke kwako. Mkae pamoja mkekani. Mama akiketi kiti na yaya akisimama nyuma na mtoto, darasa zima huwatazama nyinyi badala ya sufuria.

Mkirudi, andikeni vipimo mbandike ukutani jikoni. Mtoto wa miezi 6 anayeanza kula hupewa vijiko 2 hadi 3 vya mezani, mara 2 kwa siku, na kuongezwa kidogo kidogo. Miezi 7 na 8, nusu kikombe cha mililita 250, mara 3. Miezi 9 hadi 11, robo tatu ya kikombe, mara 3, na kitafunio 1. Kuanzia mwaka, kikombe kizima mara 3 na vitafunio 2. Muda wote huo ziwa linaendelea. Uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko ukikiinamisha. Unaotiririka kama chai hujaza tumbo kwa maji, na mtoto hulala ameshiba lakini hanenepi. Kosa la kawaida ni kuulegeza ili upite kwenye chuchu ya chupa iliyotobolewa kwa sindano ya moto. Tumia kikombe na kijiko.

Kosa jingine ni la wenye pesa hasa: unga wa lishe wenye vitu kumi, kuanzia wimbi na soya hadi karanga na dagaa, vyote vimesagwa pamoja. Wimbi huiva mapema kuliko soya na maharagwe, kwa hiyo mtoto hula nusu mbichi na kuumwa tumbo. Karanga zilizohifadhiwa kwenye unyevu wa pwani nazo huota ukungu wenye sumukuvu, na ukishazisaga huuoni tena. Pikeni uji wa unga wa nafaka moja, kisha uongezeni maziwa au kijiko cha karanga mpya zilizokaangwa na kupondwa. Dagaa waliotolewa vichwa na kutwangwa laini watieni kwenye viazi au mboga. Mchicha, kunde, mayai, papai na samaki aliyechambuliwa miiba vyote viko soko la Malindi. Asali isubiri mtoto atimize mwaka, hata kama bibi anasisitiza ni dawa ya kifua.

Yasiyosemwa darasani

Maziwa ya kopo hayatafundishwa kikundini. Sheria ya Kenya ya 2012 inakataza kuvitangaza vibadala vya maziwa ya mama na kugawa sampuli zake, na muuguzi hawezi kuonyesha kopo mbele ya mama anayenyonyesha vizuri. Usilitoe mkobani, na usiyapeleke makopo yaliyobaki kama sadaka: yakiisha baada ya wiki mbili, maziwa ya mama aliyepewa yatakuwa yamekwisha kupungua. Kama unatumia kopo kwa sababu zako, muulize muuguzi faraghani. Kwa ufupi: maji yachemke, yapoe yasizidi nusu saa ili yabaki na joto la angalau nyuzi 70, unga upimwe kwa kijiko cha kopo lile lile kilichosawazishwa, yapozwe, na yasiyonywewa ndani ya saa 2 yamwagwe. Kama nyumba yako hutumia kisima chenye chumvi, kuchemsha hakuiondoi. Tumia maji ya bomba au ya chupa yenye madini kidogo.

Vitabu viwili, dozi mbili

Anayetumia hospitali ya kulipia na kliniki ya serikali kwa pamoja huishia na kumbukumbu mbili. Vitamini A ndiyo yenye hatari: miezi 6 hadi 11 ni kapsuli moja ya yuniti 100,000, na kuanzia mwaka ni 200,000 kila baada ya miezi 6. Daktari wako akitoa Aprili na Malezi Bora, kampeni ya serikali inayogawa vitamini hiyo, ikapita Mei, mtoto hupata mbili karibu karibu, akatapika au utosi wake ukavimba. Dawa ya minyoo, inayoanza mwaka 1, nayo hurudiwa hivyo hivyo. Beba kijitabu cha mama na mtoto kila mahali, na daktari wa kulipia aandike humo humo, pamoja na jina kamili la chanjo. Surua na rubela ya serikali, ya miezi 9 na 18, si sawa na ile yenye matumbwitumbwi ndani, na muuguzi anahitaji kujua umepata ipi.

Kurudisha bila kuvuruga

Vikundi vingi huchanga kidogo kila kikao, tuseme shilingi 50 au 100, na kuzungushana. Toa kile kile. Ukitoa elfu moja, wiki inayofuata mwenye hamsini haji, na baada ya mwezi kikundi kitakungoja wewe uamue kila kitu. Unachoweza kuongeza ni vifaa vya darasa: kilo mbili za pojo na dagaa za siku ya mapishi, mkaa, sufuria kubwa, mkeka wa pili, au tuktuk ya kumleta muuguzi na mizani. Muulize mwenyekiti kinachokosekana kabla ya kununua, maana vikundi vingine vimejaa beseni za plastiki. Vikabidhiwe kwa mwekahazina mbele ya watu na kuandikwa kwenye ukurasa wa vifaa, mbali na orodha ya michango, ili mgogoro ukizuka kila mtu ajue kuwa sufuria ni ya kikundi, si yako ya kuja kuichukua siku ya arusi.