Kutoka namba sita hadi benchi: anza na daftari kama Moriyasu

Mdogo wangu unayecheza namba sita, yaani kiungo mkabaji, na magoti yameanza kuchoka, usisubiri utundike daluga ndipo uwaze ukocha. Anza ukiwa bado unavaa jezi. Nafundisha vijana pale Tandika, Dar es Salaam, na kila kiungo mkabaji anayeniuliza njia ya kufika kwenye benchi namwambia amfuatilie Hajime Moriyasu, Mjapani aliyeiongoza timu ya taifa lake kwenye Kombe la Dunia la 2022 kule Qatar.

Moriyasu hakuwa nyota wa mabao. Alijiunga na Mazda mwaka 1987, timu ambayo baadaye ikawa Sanfrecce Hiroshima, akawa mkabaji wa katikati. Mholanzi Hans Ooft alimwita timu ya taifa mwaka 1992, na mwaka huohuo Japani ikabeba Kombe la Asia. Alicheza mechi 35 za taifa na kufunga bao moja tu. Kazi yake ilikuwa kuona hatari mapema na kuziba mwanya kabla mabeki hawajasumbuliwa. Wewe unayecheza hapo tayari unaona anachokiona kocha. Unachokosa ni kukiandika.

Nunua daftari dogo linaloingia mfuko wa bukta, na penseli. Kalamu ya wino haifai, jasho na mvua za masika vitafuta kila kitu. Kila unachoandika kiwe na dakika, mahali na tukio. "Tumecheza ovyo" haikusaidii chochote. "Dakika ya 14, beki wao wa kulia amepanda, nyuma yake hakuna mtu" inakusaidia, kwa sababu unaweza kumtuma winga pale. Kama unacheza, andika mapumziko na mara baada ya filimbi ya mwisho, au kwenye daladala ukirudi nyumbani, kabla hujafungua simu. Siku ukiwa benchi, andika mpira ukiwa unachezwa. Moriyasu alionekana Qatar amesimama pembeni ya uwanja na kijidaftari chake, akiandika huku mechi inaendelea.

Sasa tazama faida yake. Tarehe 23 Novemba 2022 Ujerumani walikuwa mbele kwa penalti ya Gündoğan, na Japani walikuwa wanazidiwa pembeni kote. Mapumziko akamtoa Kubo, akamwingiza beki Tomiyasu, wakawa mabeki watatu nyuma. Ukisikia unaongeza beki huku umefungwa unaweza kudhani ni woga. Lakini pembeni pakazibwa, ndipo akaanza kumimina washambuliaji: Mitoma na Asano, kisha Doan, kisha Minamino. Doan akasawazisha dakika ya 75, Asano akafunga la pili dakika ya 83. Hakubadilisha kila kitu kwa mpigo. Alitibu kwanza palipokuwa panavuja.

Mechi zetu za mchangani mapumziko ni mafupi, na kila mtu anataka kusema: mfadhili, wazee wa timu, hata muuza maji. Waombe kwa heshima wasubiri pembeni, na jambo hilo ulizungumze nao kabla ya siku ya mechi, siyo palepale. Wape vijana dakika mbili za kunywa maji bila kelele. Kisha chora uwanja mchangani, weka vizibo vya soda kama wachezaji, usogeze vizibo viwili au vitatu tu. Toa agizo moja kwa timu nzima, na moja kwa mchezaji mmojammoja anayebadilishiwa kazi. Ukienda mabeki watatu, mtu wa kukaa naye zaidi ni yule wa pembeni atakayepanda na kushuka. Muulize akurudishie kwa maneno yake atakachofanya mpira ukipotea. Akishindwa kueleza, hajaelewa, na ni afadhali ubaki na wanne.

Kuhusu haraka ya kuwa kocha mkuu: Moriyasu aliacha kucheza mwanzoni mwa 2004, akapitia kazi za chini na usaidizi, ukiwemo usaidizi Albirex Niigata, hadi Sanfrecce wakampa timu mwaka 2012. Akatwaa ubingwa wa ligi msimu huohuo, tena 2013 na 2015. Kwa hiyo usione haya kubeba koni na vizibao vya mazoezi vya timu ya watoto. Mwombe kocha wao jukumu moja dogo, kwa mfano kuhesabu mipira ya pili mnayoshinda, yaani ile inayobaki huru baada ya kugombewa, na umpelekee hesabu hiyo kila baada ya mechi. Wakati huohuo ulizia kozi za makocha kwenye chama cha soka cha wilaya au mkoa wako, au TFF, shirikisho la soka la Tanzania, pale Karume, Ilala. Njia ya leseni za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, inaanzia daraja D.

Mechi mliyofungwa iandike kwa bidii ileile. Siku nne baada ya kuifunga Ujerumani, Moriyasu alibadilisha watu watano kwenye kikosi cha kwanza, akafungwa 1-0 na Costa Rica. Akarudi kuifunga Hispania 2-1. Kwa Croatia wakatolewa kwa penalti, na wapigaji walijitolea wenyewe. Hapo sikubaliani naye, pamoja na heshima yote niliyo nayo kwake. Orodha ya wapigaji iandaliwe mazoezini, ukiwa umewaona wakipiga miguu imechoka, na iwe ndani ya daftari kabla hamjapanda gari.

Ukurasa wa nyuma kabisa utenge kwa mipira iliyokufa, yaani kona na faulo. Oktoba 1993, Moriyasu akiwa uwanjani Doha, Japani walikuwa wanaongoza 2-1 dhidi ya Iraki na tiketi ya Kombe la Dunia la 1994 nchini Marekani ilikuwa mkononi. Dakika za nyongeza Iraki wakapiga kona fupi, mpira ukarudishwa ndani, kichwa, 2-2, safari ya Marekani ikafa. Andika majina mawili: nani anatoka kuifuata kona fupi, na nani anaziba nafasi anayoiacha. Wasomee wote wawili kabla ya kila mechi, hata ile ya kirafiki.