Somo: Komoro kutoka Dar, kisiwa cha Ngazidja hadi kisiwa cha Mwali bila kukwama

Kwa ndege kutoka Dar hadi Hahaya, uwanja wa ndege wa Ngazidja, haifiki saa mbili, na saa za huko ni zilezile za kwetu. Kinachowakwamisha wageni ni fedha taslimu na bahari.

1. Chagua miezi. Novemba hadi Aprili ni kashkazi: joto, mvua nyingi, na vimbunga mara mojamoja (Kenneth cha Aprili 2019 kilipita kaskazini tu ya Ngazidja). Mei hadi Oktoba ni kukavu. Ila Julai na Agosti Wakomoro wa Ufaransa hurudi kwa harusi kubwa za ada. Ndege na vyumba hujaa, na kusi huchafua bahari. Mei, Juni, au Septemba kuelekea Oktoba ndiyo miezi ya kwenda.

2. Badilisha shilingi ziwe euro ukiwa bado Dar. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye euro: euro 1 ni faranga 491.97, kwa hiyo kichwani piga 500. Beba noti za 5, 10 na 20, kwa sababu ya 100 inasumbua kupata chenji. Shilingi yetu usiitegemee huko. Mashine za kutolea fedha ni chache na karibu zote ziko Moroni, mji mkuu. Exim ya Tanzania ina benki yake huko, ila usijenge safari nzima juu ya kadi. Ukivuka kwenda Mwali, uwe na fedha yote ya huko mfukoni.

3. Uwanja wa Hahaya. Viza hutolewa ukifika. Kiwango kilichozoeleka ni euro 30 kwa siku 45, lakini thibitisha na shirika la ndege kabla ya kuondoka. Shika pasipoti yenye miezi 6 mbele, tiketi ya kurudi na jina la unapolala. Moroni iko kusini, kama kilomita 20. Patana nauli kabla mzigo haujaingia kwenye buti. Magari hupita kulia, kwa hiyo ukivuka barabara tazama kushoto kwanza.

4. Kuvuka kwenda Mwali. Kama hupandi ndege ndogo, shuka hadi Chindini, ncha ya kusini ya Ngazidja, upate boti ya Hoani, upande wa Mwali. Fika alfajiri: boti huondoka ikijaa, na upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda. Omba jaketi la kuokolea kabla ya kulipa. Hakuna jaketi, usipande. Pasipoti na simu zifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Kosa la kawaida ni kurudi Ngazidja siku moja kabla ya ndege ya Dar. Bahari ikichafuka boti hazitoki, na tiketi imekwenda. Acha siku mbili kamili.

Huko Mwali, kasa hupanda ufukwe wa Itsamia usiku kutaga. Chukua mwongozo wa kijijini, na usimulike tochi nyeupe wala kamera yenye mwanga: kasa akishtuka hurudi baharini bila kutaga.

MASWALI

Mkuu, Kiswahili kinatosha?
Kwa wazee na wafanyabiashara waliokaa Zanzibar au Dar, ndiyo. Kwa wengine utashika maneno mawili matatu ya Kikomoro ukikisikiliza taratibu. Ofisini wanataka Kifaransa.

Karthala napanda bila mwongozo?
Hapana. Ni mita 2,361, volkano hai, na ukungu hufuta njia mchana. Juu hakuna maji kabisa: beba lita 4 au 5 kwa mtu kama unalala, na sweta nzito.

Maji ya bomba je?
Ngazidja haina mito ya kudumu, mwamba wake unanyonya mvua yote, ndiyo maana vijiji vingi hunywa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye birika (tangi). Chemsha au nunua ya chupa. Neti na dawa ya malaria usiache.

Naweza kuunganisha Mayotte kwa boti?
Ile ni ardhi chini ya Ufaransa, inahitaji viza nyingine. Vile viboti vya usiku kutoka kisiwa cha Ndzuwani (Anjouan) vimezamisha watu wengi mno, usivisogelee.

Chaja na laini?
Soketi ni za Kifaransa, pini mbili za mviringo. Nunua adapta Kariakoo. Laini ni Huri au Yas, husajiliwa kwa pasipoti. Laini yako ya Yas ya Tanzania haigeuki kuwa ya huko kwa kufanana jina.