Unataka kuingia kwenye mitandao ya nano? Anza na kalkuleta kabla ya makala

Wadau wa kompyuta injinia, wengi wanaovutiwa na mitandao ya nano, yaani vifaa vidogo mno vinavyowasiliana vyenyewe kwa vyenyewe, wanakimbilia moja kwa moja makala ya Ian Akyildiz na wenzake ya 2008, enzi zile yuko chuo cha Georgia Tech, Marekani, wanafika ukurasa wa tatu wanakata tamaa. Makala ni nzuri sana ila piga hesabu kwanza.

Anza na antena. Gawa kasi ya mwanga kwa masafa (frikwensi) upate urefu wa wimbi: wai-fai ya gigahezi 2.4 wimbi lake lina sentimita 12.5, kwa hiyo antena ya nusu wimbi ni kama sentimita 6. Sasa ibane antena ya chuma mpaka maikromita 1 uone, masafa yanapaa hadi terahezi 150, na huko kifaa kidogo namna hiyo hakina nguvu ya kurusha popote pa maana. Hapo ndo utaelewa kwa nini Akyildiz na mtafiti mwenzake Josep Jornet waling'ang'ania grafini (karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja), maana juu ya grafini wimbi linakwenda taratibu na urefu wake unapungua sana, so antena ileile ndogo inaweza kufanya kazi kati ya terahezi 0.1 na 10.

Halafu piga upotevu wa mawimbi kwa mita moja tu. Gigahezi 2.4 unapata desibeli 40, terahezi 1 unapata 92, na bado mvuke wa maji hewani haujachukua chake. Ndo maana wanatuma mapigo mafupi mno, femtosekunde 100 hivi, pigo ni 1 na kukaa kimya ni 0, kimya hakili umeme.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ya molekuli, yaani kutuma ujumbe kwa molekuli badala ya mawimbi ya redio, na hapa usiharakishe. Muda wa molekuli kusambaa ni umbali kipeo cha pili gawa kwa 2D, D ikiwa kipimo cha kasi ya molekuli kusambaa. Chukua molekuli ndogo kwenye maji, D iwe 10⁻⁹ m²/s: maikromita 10 ni sekunde 0.05, milimita 1 ni zaidi ya dakika 8! Fungua Python, weka molekuli elfu moja kwenye sifuri, kila hatua zisogee kushoto au kulia kwa bahati nasibu, hesabu zinazofika kwa mpokeaji na molekuli ikishafika uitoe. Kisha tuma 1 (achia molekuli) ikifuatiwa na 0 (usiachie kitu), utaona mabaki ya ile 1 yanaendelea kudondoka kwenye muda wa 0 na mpokeaji anachanganyikiwa. Badilisha nafasi kati ya biti mpaka makosa yapungue, chora grafu.

Baada ya hapo soma ile ya 2008, pitia standadi ya IEEE 1906.1 ya mawasiliano ya nano, na kwa terahezi jaribu TeraSim ndani ya ns-3, programu ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta. Na ukimwandikia profesa kuomba nafasi, usimwambie unapenda sana teknolojia, mtumie ile grafu ya mabaki na swali moja ulilokwama nalo.