Somo: Kumiliki pikipiki ndogo ya mbio ukiwa mgeni Japani

Mtu anayetoka Dar es Salaam au Mombasa akifika Japani anakuta magari yanapita kushoto kama kwao, na pikipiki nyingi barabarani zina majina aliyoyajua tangu utotoni, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba kinachohitajika ni fedha tu. Somo hili limeandikwa kwa mkazi mwenye kibali cha muda mrefu, na ushauri wangu mkuu ni kwamba makaratasi yatangulie, pikipiki ifuate, na injini isizidi cc 250.

Hatua ya 1: Elewa kwa nini cc 250

Pikipiki inayozidi cc 250 lazima ipite ukaguzi wa serikali uitwao shaken, mara ya kwanza baada ya miaka 3 tangu iwe mpya, kisha kila baada ya miaka 2. Waagizaji wa magari yaliyotumika wanalijua neno hilo vizuri, maana gharama za shaken ni miongoni mwa sababu zinazomfanya Mjapani auze gari ambalo bado lina maisha marefu. Pikipiki ya cc 250 kushuka chini haina ukaguzi huo. Upande mwingine, ya cc 125 au pungufu hairuhusiwi kuingia barabara za mwendo kasi za kulipia. Kati ya mipaka hiyo miwili unapata yote, na kodi ya mwaka ni yen 3,600 tu.

Katika daraja hilo kuna Yamaha YZF-R25, Kawasaki Ninja 250 na Honda CBR250RR, zote za silinda mbili, na kuna Kawasaki ZX-25R ya silinda nne iliyotoka mwaka 2020, ambayo sauti yake ni tamu kuliko busara ya kuinunua kama pikipiki ya kwanza.

Hatua ya 2: Pata leseni

Mwenye leseni ya nyumbani inayoonesha daraja la pikipiki anaweza kuomba ibadilishwe, mradi bado ni hai na athibitishe kwamba aliishi nchi iliyoitoa kwa miezi 3 au zaidi baada ya kuipata. Leseni itafsiriwe na ubalozi au na shirikisho la magari la Japani, JAF. Sisi wa Tanzania na Kenya hatumo katika orodha ya nchi zilizosamehewa mitihani, kwa hiyo tunafanya nadharia na vitendo. Tangu Oktoba 2025 nadharia ina maswali 50, na anayefaulu ni aliyepata asilimia 90.

Wengi tunaanguka kwenye vitendo. Kuna ubao mwembamba uliolazwa chini, wenye urefu wa meta 15, upana wa sentimeta 30 na kimo cha sentimeta 5, ambao unapaswa kuupita kwa sekunde zisizopungua 7. Gurudumu likidondoka, mtihani umekwisha hapo hapo. Mara ya kwanza nilitazama gurudumu la mbele na sikufika hata katikati. Siri yake ni kutazama mbali, kubana tangi kwa magoti, kuachia klachi nusu na kugusa breki ya nyuma kidogo kidogo. Mara ya pili niliupita ubao vizuri, lakini nikafelishwa kwa sababu sikugeuza shingo kutazama nyuma kabla ya kupanda pikipiki. Anayejua bodaboda anajua kuendesha. Mtahini anataka kuona kwamba unatazama.

Hatua ya 3: Tafuta pa kuilaza

Pikipiki haidaiwi hati ya maegesho ambayo gari hudaiwa, ila usidanganyike, kwani nyumba nyingi za kupanga zinakataza pikipiki kubwa kwenye banda la baiskeli. Muulize mwenye nyumba kabla ya kulipa chochote, na umwombe ajibu kwa maandishi.

Hatua ya 4: Nunua, sajili, kata bima

Uhuru wa kutokuwa na shaken una ubaya wake, nao ni kwamba pikipiki iliyotumika huenda haijaguswa na fundi kwa miaka. Iwashe ikiwa baridi. Pitisha kidole kwenye nguzo za shokapu za mbele, na kikitoka na oili, sili (mipira inayozuia oili isivuje) zimekufa. Angalia kama mnyororo umelegea sehemu moja na kukaza nyingine, kisha tazama ncha za usukani na kingo za mkono wa breki, kwani pikipiki iliyoanguka huacha ushahidi hapo hata ikipakwa rangi upya.

Usajili hufanyika ofisi ya usafirishaji ya eneo lako, si manispaa. Utabeba cheti cha ukaazi, hati za muuzaji na bima ya lazima, ambayo hukatwa hata kwa miaka 5 mfululizo na stika yake hubandikwa kwenye kibao cha namba.

Hatua ya 5: Barabarani

Kwenye kibao chekundu cha pembetatu iliyopinduliwa, simama kabisa na uweke mguu chini, kwa kuwa kutosimama ni faini ya yen 6,000 na pointi 2 za makosa kwenye leseni. Kwenye kituo cha mafuta, mpini mwekundu ni petroli ya kawaida, wa njano ni ya oktani ya juu, wa kijani ni dizeli.

Maswali ya wasomaji

*Nina leseni ya gari ya Kijapani. Je, inaniruhusu kuendesha Ninja 250?*

Hapana, ndugu yangu. Inakuruhusu vipikipiki vya daraja la chini kabisa tu. Hata hivyo inakupunguzia mzigo, kwa kuwa kwenye shule ya udereva utasoma saa 17 za vitendo na saa 1 tu ya darasani.

*Bima ya lazima haitoshi?*

Haitoshi. Inamlipa mtu uliyemuumiza, na akifariki kikomo ni yen milioni 30. Gari lake, ukuta wake na mwili wako mwenyewe havimo. Kata na ya hiari.

*Naweza kumbeba mke wangu?*

Subiri mwaka mmoja tangu upate leseni ya pikipiki. Kwenye barabara za mwendo kasi ni lazima uwe na umri wa miaka 20 na leseni ya pikipiki ya miaka 3, na baadhi ya vipande vya katikati ya Tokyo haviruhusu abiria kabisa.

*Mkataba wangu wa kazi unaisha Mei. Pikipiki niifanyeje?*

Ukiipatia mnunuzi mapema, hakikisha jina limebadilishwa kabla ya tarehe 1 Aprili, maana kodi ya mwaka hudaiwa kwa aliyesajiliwa siku hiyo. Ukitaka kuisafirisha, rudisha kibao cha namba ofisi ileile upewe hati ya kufuta usajili, kisha uipeleke kwa kampuni ya bima, nao watakurudishia fedha za miezi iliyobaki.