Ifanye GRUB ilie kwa mtumiaji asiyeona

Asiyeona anayetumia Debian, mfumo endeshi wa Linux, hukwama mapema: menyu ya GRUB, programu inayoanza kwanza kompyuta ikiwashwa ili uchague mfumo, haisemi neno. Sauti huja baadaye, kerneli (kiini cha mfumo) ikishapakia Speakup, kisoma skrini chake. Lakini unaweza kuiagiza GRUB ilie menyu inapofunguka. Fungua /etc/default/grub kwa mamlaka ya root (msimamizi wa mfumo), tafuta mstari huu, kisha ufute alama ya reli (#) iliyo mbele yake:

GRUB_INIT_TUNE="480 440 1"

480 ni mapigo kwa dakika, 440 ni hezi, na 1 ni pigo moja, yaani thumuni ya sekunde. Mlio huo hupotea kirahisi feni ikiwa inavuma. Mimi ningeweka 4 mwishoni, ipatikane nusu sekunde nzima.

GRUB_TIMEOUT, yaani sekunde ambazo menyu husubiri, nayo iwe 10. Ukisikia mlio, bonyeza Home: muda unaacha kuhesabiwa na unakuwa kwenye chaguo la kwanza. Kuanzia hapo hesabu tu mishale ya chini.

Mwenye sinthesaiza ya kifaa, yaani kifaa cha pekee kinachotamka maandishi, kwa mfano LiteTalk, aongeze speakup.synth=ltlk ndani ya nukuu za mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX katika faili hilohilo, bila kufuta yaliyomo. Anayetegemea sauti ya programu aandike speakup.synth=soft hapo hapo na asakinishe espeakup, programu inayoipa Speakup sauti.

Halafu endesha sudo update-grub, la sivyo GRUB itabaki na mipangilio ya zamani.

Mlio hutoka kwenye spika ndogo ya ubao mama, si spika za muziki, na laptopu nyingi za siku hizi hazina. Kwa hizo, tegemea Home na kuhesabu sekunde.