Kutengeneza katuni fupi ya kuchekesha juu ya M'siri

Vijana wa Kenya na Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, wananiuliza jambo hili kila mara, basi nawaandikia yote pamoja. Mfano wetu ni M'siri, Mnyamwezi aliyekuja Katanga kwa biashara ya shaba akaishia kuwa mfalme wa Bunkeya.

1. Chagua kichekesho kimoja

Achana na maisha yake yote. Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alifika na mkataba wa kusainiwa, akarudishwa mikono mitupu. Mwaka uliofuata akaja Stairs, kapteni aliyetumwa na Leopold, mfalme wa Ubelgiji, na bendera ya bwana wake. Wageni wanaleta karatasi, mwenyeji anataka baruti: kicheko kiko hapo. Funga hadithi kabla ya tarehe 20 Desemba 1891, siku Bodson, mtu wa Stairs, alipompiga M'siri risasi akafa. Tuwacheke wenye karatasi, tusicheke maiti. Bunkeya ina mwami (mfalme) wake hadi leo, na watu wake wataiona filamu yako.

2. Rekodi sauti

Sauti kwanza, picha baadaye. Simu inatosha. Tafadhali, mfalme aongee Kiswahili cha hapa kwetu, asiongee kama mtangazaji wa Dodoma.

3. Chora

Natumia Blender, programu ya kompyuta ya kutengeneza katuni, maana michoro na sauti vinakaa faili moja, tena ni ya bure. Fremu (picha moja moja za filamu) 24 kwa sekunde, mchoro mmoja ukae fremu mbili.

4. Midomo

Hapa ndipo watu wanapolala macho. Midomo saba inatosha Kiswahili: a, e, i, o, u, mmoja uliofumba kwa m, b na p, na mmoja wenye meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Kwa "bendera" fumba, fungua e, ishike hadi "de", kisha malizia na a. Usihangaike na n wala r, hakuna atakayeziona. Mdomo utangulie sauti kwa fremu moja au mbili. Ukichelewa, mfalme anaonekana mlevi.

Sasa sikiliza vizuri. Ukicheza filamu na midomo ikazidi kuachana na sauti kadiri inavyoendelea, USIGUSE MICHORO. Mara nyingi kompyuta ndiyo inayochoka: inaonyesha kila fremu polepole huku sauti inakimbia. Kwenye menyu ya Playback chagua "Sync to Audio", ucheze tena. Bado inaachana? Angalia kama umeweka 23.98 badala ya 24. Kwa dakika tatu hiyo ni karibu fremu nne, na jicho linaziona. Ukiona yote yako sawa, hapo ndipo uguse michoro.

5. Toa filamu

Usitoe video moja kwa moja, umeme wetu unajulikana. Toa picha za PNG, na uondoe alama kwenye "Overwrite" ili umeme ukirudi uendelee ulipofikia. Futa kwanza picha ya mwisho, huenda imeandikwa nusu. Zikikamilika, ziunganishe na sauti, utoe MP4.